Siku Koplo Aliporipoti Mgonjwa

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Kawangware ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimeinama uani nikimpigia baba mkwe wangu viatu polishi. Nilitema mate kidogo juu ya ngozi, nikasugua, nikatema tena, mpaka nikaanza kuona kivuli cha uso wangu mle ndani. Nilikuwa na furaha. Nilidhani ninamsaidia.

Nakuandikia haya wewe, kijana yeyote utakayeyasoma, kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Shangazi Roda. Makaburini walisema wengi: pasta, chama cha akina mama, wajukuu. Mimi sikuomba nafasi. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini kuna jambo alilonifunza Shangazi ambalo hakuna mwingine aliyelishuhudia, na nisipoliandika mimi litazikwa naye. Kaa kitako, si refu sana.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa na kazi ya barabara, huku wanaponda mawe, kule wanamwaga lami, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi tu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwenye ploti moja, juu kidogo ya steji ya matatu za 56. Kimoja nilikaa mimi na mtoto wetu Nafula. Cha pili, mlango ukitazamana na wetu, alikaa baba mkwe wangu, Mzee Wekesa. Mama mkwe alikuwa amefariki, na nyumba yao ya kijijini ilikuwa imeanguka ukuta mmoja. Hapakuwa na mtu huko wa kumchotea hata maji.

Mzee alikuwa askari wa jeshi kwa miaka mingi. Ploti nzima ilimwita Koplo. Akitoka mlangoni, vijana waliokaa kwenye ngazi walimpigia saluti. "Niaje, Koplo," wangesema, "gwaride ni saa ngapi?" Naye angejibu bila kutabasamu, "Kwako wewe limeshapita. Nenda ukanyoe nywele kwanza." Walimpenda.

Alipokuwa jeshini lori lilipinduka naye huko kaskazini, likamponda magoti. Alitibiwa, akarudi kazini, akaendelea kubeba mizigo mizito na kuruka kutoka kwenye malori kama wenzake. Alipostaafu akawa bawabu kwenye geti la watu huko Lavington. Halafu ile baridi yabisi ikamkamata, kwanza magoti, kisha vidole. Akashindwa kufungua geti kwa haraka inayotakiwa na watu wenye magari, wakamwachisha kazi. Ndipo rafiki yake wa zamani alipomwambia kwamba askari aliyeumia kazini ana haki ya malipo ya ulemavu, akaandikishwa, akaitwa mbele ya bodi ya madaktari.

Elewa vizuri kilichokuwa hatarini. Bila yale malipo tusingeweza kukilipia kile chumba cha pili. Na kwetu, mwanangu, baba mkwe hawezi kulala chumba kimoja na mke wa mwanawe, hata liwe pazia nene namna gani. Ingebidi arudi kijijini, kwenye nyumba yenye kuta tatu, peke yake.

Kwa hiyo asubuhi ile nilijitahidi. Nilipiga shati pasi ya makaa mpaka mikono ikasimama yenyewe. Niliacha beseni la maji moto mlangoni pake aloweke magoti. Nilimnunulia vidonge vya maumivu, vile vikali ambavyo havikuwa vya kila siku kwa sababu vilimkata tumbo. Alipotoka nje nilistaajabu. Alikuwa amenyooka kama mlingoti. Aliteremka kwenda steji kwa hatua za jeshi, na wale vijana wakasimama kweli, bila mzaha.

Alirudi jioni amefurahi. Alisimama mlangoni pake, mimi nikiwa mlangoni pangu nimeinamisha macho, akanisimulia kwa mbali, kama desturi yetu ilivyo.

"Wameniambia niketi, nikawaambia nitasimama, afande. Wakaniuliza naumwa wapi. Nikasema goti kidogo, si kitu. Wakaniambia nichuchumae. Nikachuchumaa, nikainuka kama kuruti. Yule daktari mwenyewe alishangaa."

"Asante Mungu, Baba," nikasema.

Siku zilizofuata hakutoka chumbani. Na jibu lilipokuja, lilisema kwamba bodi imemwona Koplo mstaafu Wekesa, imeridhika kwamba ana nguvu za kufanya kazi, na ombi lake limekataliwa. Akitaka anaweza kukata rufaa, na aje na shahidi anayeishi naye.

Mume wangu alilisoma mwisho wa mwezi. Akalikunja. "Mimi nikiacha kambi ya barabara siku moja, nafasi yangu inapewa mwingine," alisema. "Anayeishi naye ni wewe."

Nilihisi kama amenimwagia maji baridi. Pengine wewe umekulia mjini na mambo haya huyajui, kwa hiyo nikueleze. Kwetu magharibi, mke wa mtoto na baba mkwe wake hukaa mbalimbali. Hampeani mkono. Hukai kwenye kiti chake. Huingii anakolala kama yumo. Unangoja atoke, ndipo uingie ufagie. Na mwili wake huutaji. Hata kusema "baba anaumwa goti" nilikuwa nikisema "baba hajaamka vizuri." Sasa nisimame mbele ya watu nisiowajua, naye ameketi pale pale, niyaeleze magoti yake? Nilimwambia mume wangu afadhali aniambie nivue nguo sokoni.

Ndipo nikamfikiria Shangazi Roda, dada yake Mzee. Yeye alikuwa dada, angeweza kusema lolote. Siku iliyofuata nilimfunga Nafula mgongoni, nikatembea hadi Dagoretti Corner, nikaifuata barabara ya Ngong, nikakata kuelekea Kibera. Shangazi alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza karibu na mtaa wa Ayany, akishona yunifomu za shule na kurekebisha suruali za watu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kikohozi, na alizungumza huku akikanyaga cherehani, kwa hiyo maneno yake yalikuja kwa mwendo wa sindano.

Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye pasi na polishi, mguu wake ukasimama.

"Wewe mama," alisema, "mlimpiga pasi mpaka ugonjwa ukanyooka. Sasa daktari angeuona wapi?"

Nikamfunga Nafula upya mgongoni, naye akaendelea.

"Mtu anaenda kusema kwamba hawezi, mnamvalisha kama anaenda kuoa. Na vile vidonge, anameza kila siku?"

"Hapana, Shangazi. Siku ile tu."

"Basi waliyemwona siku ile si ndugu yangu. Ni mtu mliyemtengeneza wenyewe."

Aliikanyaga cherehani kidogo, akaiacha tena. Nikamwomba aende yeye awe shahidi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi namwona Krismasi na matangani. Wakiniuliza anaamkaje, niseme nini? Nidanganye? Wakijua nimedanganya moja, hata yale ya kweli watayatupa."

"Lakini mimi siwezi kuyasema magoti ya baba mkwe wangu."

"Kwani umewahi kuyaona?"

"Hapana, Shangazi. Ningeyaonaje?"

"Basi umejuaje kwamba anaumwa?"

Hapo ndipo nilipoanza kumweleza, mwanangu, na wala sikujua kwamba ninaeleza jambo la maana. Nilimwambia juu ya kitasa cha mlango wake, na stuli yake, na mashati yake ninayofua. Nilisema vile mtu anavyosimulia mambo ya nyumbani, nikimtikisa Nafula asilie. Nilipoinua macho nilimwona Shangazi ameshika kitambaa mkononi, hashoni, ananitazama tu.

"Nenda ukaseme hivyo hivyo," alisema. "Magoti mwachie daktari, ni kazi yake. Wewe sema kitasa. Usiongeze hata chembe. Na siku hiyo apelekwe vile alivyo siku yoyote ile, bila dawa, bila maji moto. Mwacheni awe mtu."

Kisha akasema kwamba kwa kaka yake atakwenda yeye mwenyewe, maana mimi nisingeweza kumwomba ruhusa hiyo.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa jikoni kwangu, na kuta za mabati hazifichi kitu. Nilisikia yote.

"Mimi sijaripoti mgonjwa hata siku moja," Mzee alisema, maana jeshini ndivyo askari anavyomwambia mkubwa wake kwamba anaumwa na hawezi kazi. "Muulize yeyote tuliyekuwa naye. Hata lori liliponiangukia, walinibeba. Sikuripoti."

"Najua. Sasa utaripoti lini? Ukishazikwa?"

"Roda, nitasemaje mbele ya mtoto wa watu? Yule ni mke wa mwanangu."

"Huyo mtoto wa watu ndiye anayeokota kila unachoangusha. Unafikiri hajui? Anajua, ananyamaza kwa heshima yako. Na wewe unajikaza kwa heshima yake. Mtaheshimiana hivyo mpaka mwenye ploti afunge mlango."

Halafu Mzee akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Asiwe mbele yangu. Akae nyuma."

"Atakaa nyuma."

"Na viatu nitavipiga polishi mwenyewe."

"Kwa vidole gani?" Shangazi akauliza, na nikasikia kitu kikidondoka kwenye kapu lake. Alipotoka kuniaga alinifunulia. Alikuwa amelichukua lile kopo la polishi. Akaondoka nalo hadi Kibera.

Siku ya rufaa tulikwenda mjini, Mzee mbele na mimi nyuma yake. Viatu vilikuwa na vumbi la Kawangware. Alitembea kama alivyotembea kila siku, yaani polepole, na kila tulipopita ukuta, mkono wake uliutafuta. Njiani aliniambia mara moja tu, bila kugeuka, "Mama Nafula, kama umechoka tupumzike." Nilijibu kwamba nimechoka. Tukapumzika.

Katika chumba cha rufaa walikuwa watu watatu nyuma ya meza. Mwenyekiti alikuwa afisa mzee aliyestaafu, karibu yake daktari mwanamke mwenye miwani, na karani pembeni. Mzee alipomwona yule afisa, mwili wake ulijinyoosha wenyewe, visigino vikatafutana. Nikafikiri, basi, tumekwisha. Lakini alikaa hivyo kidogo tu, kisha mkono ukashika ukingo wa meza, na alipoambiwa aketi, aliketi. Mimi niliwekewa kiti nyuma yake karibu na mlango, kama alivyotaka. Nilikuwa nikiona kisogo chake tu.

Mwenyekiti akaniuliza jina na kama ninaishi na mzee huyu.

"Tunaishi ploti moja, milango inatazamana."

"Magoti yake yana hali gani?"

"Sijui, mheshimiwa. Ni baba mkwe wangu. Magoti yake sijayaona na sitayaona."

Karani aliinua kichwa. Mwenyekiti alikunja uso, ingawa sidhani kama alikasirika. "Sasa mama, umekuja kutuambia nini?"

"Nimekuja kuwaambia habari za chumba chake. Hicho nakifagia kila siku."

Daktari akaweka kalamu chini. "Tuambie," akasema.

Nikawaambia. Mlango wake ulikuja na kitasa cha kuzungusha, lakini hakizungushwi tena. Amefunga kamba, anaivuta kwa kifundo cha mkono. Kitanda chake alikiinua kwa matofali, na kutoka kwenye boriti ya paa ananing'iniza mkanda wa jeshi, umelainika sehemu moja tu, pale mtu anapoweza kuushika akijivuta. Vikombe vyangu vizuri vyenye mkono vinakaa kwake na vumbi. Anachonywea ni bakuli, na pande zote mbili za bakuli zimepata weusi wa viganja.

Nikawaambia mashati yake yanakuja kufuliwa yakiwa yamefungwa vifungo, isipokuwa cha juu. Mwanzoni nilidhani ni uvivu. Kisha nikaelewa kwamba havifungui kamwe. Anayavulia kichwani na kuyavalia kichwani. Basi nikayaanika yakiwa yamefungwa vivyo hivyo. Kamba za viatu vyake nilizitoa, nikatia lastiki, naye hakuuliza na mimi sikusema.

"Na ukutani," nikaendelea, "kwenye ujia wa ploti, kuna mstari wa mafuta ya mkono, urefu wa bega lake. Watoto wanapita hapo, lakini mstari ule si wa watoto. Na katikati ya ujia ameweka stuli. Majirani wanasema Koplo anapenda kuota jua. Ujia ule, mheshimiwa, haupati jua."

Mwenyekiti akauliza, "Stuli ya nini sasa?"

"Anapumzika hapo akienda. Akirudi anapumzika tena."

Hapo nikasita, maana mwisho wa ujia ule ni choo cha ploti. Daktari alinitazama kwa muda. Hakuniuliza ujia ule ulikuwa wa kwenda wapi, na ninamshukuru mpaka leo.

"Kuna lingine?" akauliza.

"Hakuna. Mengine sijayaona."

Daktari akamgeukia Mzee. Akamwomba amwonyeshe vidole. Akavitazama, akavigusa kimoja kimoja. Kisha akasema, kwa upole, "Mzee, mara ya kwanza hapa imeandikwa kwamba ulichuchumaa na kuinuka vizuri. Unaweza kufanya hivyo leo?"

Nilikuwa nikitazama kile kisogo. Niliona shingo ikikaza, kama mtu anayetaka kuinua kitu kizito. Niliomba kimyakimya, wala sikujua ninaomba nini. Kisha mabega yakashuka.

"Siwezi, daktari," alisema. Halafu akamgeukia yule afisa mzee, akaweka mikono juu ya mapaja. "Koplo Wekesa anaripoti mgonjwa, afande."

Yule afisa alivua kofia yake, ambayo sijui kwa nini alikuwa ameivaa ndani ya nyumba, akaiweka mezani.

"Umechelewa kuripoti, Koplo," alisema.

"Nimechelewa, afande."

"Si neno. Tumekuandika."

Rufaa ikakubaliwa. Hatukuwa matajiri, lakini chumba cha pili kilibaki chetu. Mzee Wekesa alikaa Kawangware katika chumba hicho mpaka alipofariki, na Nafula alikua akitumwa kati ya milango yetu miwili.

Mimi na Mzee hatukuwahi kuizungumzia siku ile. Hatukuanza kupeana mikono wala kula meza moja; heshima yetu ilikaa pale pale ilipokuwa. Kitu kimoja tu ndicho kilichobadilika. Asubuhi za baridi, zile za mwezi wa Julai ambapo mabati ya Kawangware yanatoa jasho, nilikuwa nikisikia sauti kutoka ng'ambo ya ujia: "Mama Nafula, leo naripoti mgonjwa." Nami nilijibu, "Nimekuandika, Baba," kisha naweka beseni la maji moto mlangoni pake na kurudi kwangu. Sote wawili tulikuwa tukicheka, kila mtu upande wake wa ukuta.

Asubuhi aliyofariki hakuripoti. Nilingoja mpaka maji yakapoa.

Baada ya kumzika Shangazi, binti zake waligawa vitu vyake vidogo vidogo. Wakaniita wakanipa kopo. Lilikuwa lile la polishi. Alilisafisha, akaweka humo sindano na pini zake miaka yote hiyo. Ninalo hapa mezani.

Sasa sikiliza ninachokuambia, mwanangu. Ukiwa na mtu unayemheshimu, naye anaficha maumivu yake, usimsaidie kuyaficha. Utaona kama unamtunza, kumbe unamwacha peke yake ndani ya maumivu hayo. Lakini pia usimvue nguo mbele za watu kwa kisingizio cha ukweli. Tafuta mahali pako pa kusimama, useme kile ambacho macho yako yameona na mikono yako imeshika, na ukifika mwisho wa unachokijua, nyamaza. Hicho kinatosha. Kwangu mimi kitasa na stuli vilitosha.

Na siku ikifika zamu yako, kwa maana itafika, ukaulizwa na mtu anayeweza kukusaidia, "Unaendeleaje?", usipige visigino. Kaa chini. Ripoti.

Mungu wa wazee wangu akupe magoti ya kukufikisha unakokwenda, na yakichoka, akupe mtu wa kukuwekea stuli njiani bila kukuuliza. Anayekaa ng'ambo ya ujia asikuchoke, nawe usimchoke. Nenda salama, mwanangu.